Maghala Mawili, Historia Moja

 Najua wengi wenu mnapolifungua jarida hili mnatafuta kwanza vitendawili na mashairi, kisha mnaangalia kama jina lenu limo. Yote yamo, msiwe na haraka. Ila ukurasa huu umetengewa jambo la tarakilishi: jinsi waandishi wa programu wanavyoyachukua maghala mawili ya kazi zao na kuyafanya ghala moja. Usikunje uso bado. Jambo hili linatuhusu sisi watu wa Eldoret kuliko watu wa miji mingi, na sababu utaiona punde si punde.

Tuanze na neno lenyewe. Ghala sote twalijua, maana Uasin Gishu ni nchi ya mahindi. Lakini ghala la mahindi huhifadhi kilichomo leo tu. Gunia likishatoka, limetoka. Ghala la msimbo si hivyo. Msimbo ni yale maandishi ambayo mwanaprogramu huyaandika ili tarakilishi ifanye kazi fulani, na ghala lake huuhifadhi ulivyo leo, ulivyokuwa jana, na ulivyokuwa miaka kumi iliyopita. Kila mtu anapomaliza kipande cha kazi huandikisha ingizo, mithili ya karani na daftari lake: mistari niliyobadilisha ni hii, jina langu ni hili, tarehe ni hii, na sababu yangu ni hii. Maingizo hayo hushikana kama pete za mnyororo, kila moja likilitaja lililolitangulia. Programu inayotumika zaidi siku hizi kusimamia daftari hilo yaitwa Git. Aliianzisha Linus Torvalds, yule Mfini aliyetuletea Linux, mwezi wa Aprili 2005.

(Kuna wanaosema "hazina" badala ya "ghala". Sina ugomvi nao. Mimi nimechagua ghala kwa kuwa hazina huwafanya watu wafikirie pesa, na humu hamna pesa.)

Sasa Eldoret inaingiaje? Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, kwenye njia ya kwenda Kapsabet, kilianza kutunza rekodi za wagonjwa kwa tarakilishi, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Mwaka uo huo mpango wa AMPATH ulianza kuwahudumia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, makao yake yakiwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, hapa hapa mjini. Wagonjwa wakaongezeka, vituo vikaongezeka, na mfumo wa mwanzo ukalemewa. Mnamo 2004 madaktari wawili walio pia wajuzi wa tarakilishi, Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief huko Indiana, walifika Eldoret kutazama tatizo hilo. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ambao msimbo wake uko wazi, yeyote ausome, autumie, aurekebishe, pasipo kulipa. Februari 2006 ulianza kufanya kazi Eldoret. Mwaka huo huo ukaingia Rwanda. Leo uko katika nchi nyingi, na hapa Kenya mfumo wa KenyaEMR umejengwa juu yake.

Kwa hiyo jameni, kuna programu inayotumiwa na wauguzi wa mbali sana na sisi, na kitovu chake kimezikwa umbali wa safari fupi ya matatu kutoka Munyaka. Sitaki tulipite jambo hilo kama vile tunavyopita mabango ya barabarani.

Mfumo huo wa hospitali unatupa pia mfano mzuri wa mada yetu. Tuseme mama mmoja aliandikishwa katika kituo kimoja mwaka jana, na mwaka huu akaandikishwa upya katika kituo kingine, pengine kwa sababu kadi yake ilipotea. Sasa ana rekodi mbili. Daktari akigundua, anataka ziwe moja. Je, atachukua uzito wa mama wa leo na dawa anazokunywa leo, aziandike kwenye kadi mpya, halafu zile rekodi mbili azitupe? La hasha! Atapoteza habari kwamba dawa fulani ilimdhuru mwaka jana ikabidi aachishwe. Kinachotakiwa ni ziara zote, za huku na za huko, na tarehe zake, ziingie chini ya jina moja. OpenMRS yenyewe ina kazi hiyo ndani yake, ya kuunganisha rekodi za mgonjwa mmoja aliyeandikishwa mara mbili.

Basi maghala ya msimbo ni vivyo hivyo. Watu wengi wakisikia "kuunganisha maghala mawili" hudhani ni kunakili faili kutoka folda hii hadi folda ile. Kunakili faili ni kazi ya dakika tano, hata mtoto aliyeshika kipanya jana ataiweza. Kazi yenyewe ni kuhamisha historia.

Tuchukue mfano wa shuleni. Tuseme kundi moja la wanafunzi limeandika programu ya maktaba, ya kujua kitabu kipi yuko nacho nani. Ghala lake lina maingizo 140. Kundi jingine limeandika programu ya michezo, ya kupanga mechi na kuweka matokeo. Lina maingizo 85. Programu zote mbili zinatumia orodha ile ile ya wanafunzi, na kila mwanafunzi mgeni akija inabidi orodha irekebishwe mara mbili, huku na huku. Baada ya muda orodha hizo hazifanani tena. Mtu ameazima kitabu lakini kwa watu wa michezo hayupo duniani! Mwalimu anasema: unganisheni.

Njia ya kwanza ni hiyo ya kunakili. Faili za michezo zinamwagwa ndani ya ghala la maktaba, ingizo moja linaandikwa, "nimeleta michezo", kazi imekwisha. Programu itafanya kazi, sikatai. Lakini Git ina amri iitwayo blame, yaani lawama, ambayo humwambia mtu kila mstari uliandikwa na nani, lini, katika ingizo gani. Jina hilo la lawama naliona kali, maana aghalabu unayemtafuta si wa kumlaumu bali wa kumuuliza. Sasa ukiitumia amri hiyo baada ya kunakili, itakuambia mistari yote ya michezo iliandikwa siku moja na mtu mmoja, yule aliyenakili. Wale waliokesha wakiiandika hawapo. Na si sifa tu iliyopotea. Tuseme kuna mstari unaokataza mechi mbili zipangwe uwanja mmoja Ijumaa alasiri. Unaonekana wa ajabu ajabu. Sababu yake iliandikwa katika ingizo la zamani: Ijumaa nusu ya uwanja hutumiwa na shule ya jirani. Ingizo halipo, mtu mwerevu anaufuta mstari, na Ijumaa ijayo timu nne zinakutana uwanjani zikitazamana.

Huko ni shuleni, tutacheka yaishe. Sasa badala ya uwanja weka kipimo cha dawa ya mtoto kulingana na uzito wake. Mstari mmoja unaokataa tarakimu fulani, mtu akiufuta kwa kutojua kwa nini uliwekwa, hakuna atakayecheka. Ndiyo maana watu wa mifumo ya hospitali wanaing'ang'ania historia ya msimbo. OpenMRS ilianza kwa kutunza msimbo wake katika programu nyingine iitwayo Subversion, na ilipohamia Git na kuuweka msimbo wazi katika GitHub, ilihama na maingizo yake ya zamani.

Njia ya pili ni kuziunganisha historia zenyewe. Hii ina kisa chake. Git ilipokuwa na umri wa miezi miwili tu, mwanaprogramu wa Australia, Paul Mackerras, alikuwa ameandika gitk, programu ndogo ya kuonyesha kwa michoro jinsi maingizo yanavyofuatana. Gitk ilikuwa na ghala lake lenyewe. Mwezi wa Juni 2005 Linus alilivuta ghala zima la gitk ndani ya ghala la Git, historia na yote. Aliandikisha ingizo moja la muungano lenye wazazi wawili, mmoja upande wa Git na mwingine upande wa gitk. Tangu siku hiyo historia ya Git ni kama mto wenye chemchemi zaidi ya moja: ukiufuata kwenda nyuma unafika panapogawanyika, na kila mkono una mwanzo wake. Alifurahi kupita kiasi, na nadhani alikuwa na haki, kwa sababu ni wazo sahili sana. Hakuna ingizo hata moja lililoguswa. Kilichoongezwa ni fundo moja tu la kuzifunga kamba mbili.

Muungano wa gitk ulikuwa rahisi kwa kuwa majina ya faili hayakugongana. Kwetu shuleni hayatakosa kugongana. Maktaba ina faili ya maelezo ya mwanzo, michezo nayo inayo, kwa jina lile lile. Git haiwezi kujua ibaki ipi. Dawa yake ni kufanya usafi kabla ya harusi: ndani ya ghala la maktaba, hamisha kila kitu kiingie folda iitwayo maktaba, uandikishe ingizo. Ndani ya ghala la michezo fanya vivyo hivyo, folda iitwe michezo. Baada ya hapo unganisha, na hakuna atakayemkanyaga mwenzake. Programu ya git-gui ya Shawn Pearce ilipoingizwa baadaye katika ghala la Git, ilipewa folda yake, ikaishi kwa amani.

Ukijaribu leo utakuta kikwazo kimoja. Tangu toleo la 2.9, la Juni 2016, Git hukataa kuunganisha historia mbili zisizo na babu mmoja. Haikuwekwa hivyo kwa ukorofi. Kuna watu waliokuwa wakiunganisha kwa bahati mbaya vitu visivyohusiana. Ukiwa na hakika unachokifanya, unaiambia wazi kwa kuandika amri nzima hivi:

git merge --allow-unrelated-histories

kisha jina la tawi unalolileta. Hapo inatii.

Kasoro ya njia hii ni ndogo lakini inaudhi. Ukiuliza historia ya faili iliyomo katika folda ya michezo, Git inaweza kuishia pale ilipohamishwa, isikuambie ya nyuma mpaka uiombe ifuatilie jina la zamani. Historia ipo, ila imejificha nyuma ya mlango.

Ndipo wengine wanapochagua njia ya tatu, ya kuiandika historia upya. Kuna programu iitwayo git-filter-repo, kazi ya Elijah Newren, ambayo hupitia kila ingizo tangu la kwanza na kulirekebisha kana kwamba faili za michezo zilizaliwa ndani ya folda ya michezo. Majina ya waandishi yanabaki, tarehe zinabaki, sababu zinabaki. Ukiunganisha baada ya hapo, kila kitu kinafuatilika bila mlango wa kufungua. Raha mustarehe, si ndiyo?

Ngoja kwanza. Kila ingizo la Git lina alama yake ya utambulisho, kwa kawaida herufi na tarakimu 40. Alama hiyo haitungwi tu. Hukokotolewa kutokana na yaliyomo katika ingizo lenyewe: faili, mwandishi, tarehe, maelezo, na alama ya ingizo lililotangulia. Badilisha kitu kidogo katika ingizo la kwanza, na alama yake inabadilika. Kwa kuwa ingizo la pili linaibeba alama ya la kwanza, nalo linabadilika, halafu la tatu, mpaka la mwisho. Kwa hiyo ukiandika historia upya, maingizo yote 85 ya michezo yanapata alama mpya. Ikiwa mahali fulani, tuseme katika ripoti kwa mwalimu, mliandika "kosa hili lilirekebishwa katika ingizo fulani", alama hiyo haitapatikana tena kwenye ghala jipya. Tena yeyote aliye na nakala ya zamani kwenye tarakilishi yake ya nyumbani hawezi tena kuleta kazi yake kwa njia ya kawaida, maana mnyororo wake na wenu haushikani popote.

Kwa maoni yangu, ghala dogo lisilotajwa popote liandikwe upya bila wasiwasi. Lakini ghala ambalo watu wa nje wameshazoea kulitaja kwa alama zake, afadhali njia ya pili na mlango wake.

Swali ambalo wengi hulisahau ni kama inafaa kuunganisha hata kidogo. Huko Marekani kampuni ya Google ilieleza katika makala ya mwaka 2016 kwamba karibu msimbo wake wote umo katika ghala moja, lenye mistari kama bilioni 2. Watu wakasoma, wakapagawa, kila mtu akataka ghala moja. Wasichokisoma vizuri ni kwamba Google ilijitengenezea zana zake yenyewe za kulibeba ghala hilo. Mwenye baiskeli hahitaji kununua trela kwa sababu amemwona mwenye lori nayo.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni ule ule wa OpenMRS. Toleo lake la 3 lilijenga upya kurasa ambazo mhudumu huziona kwenye kioo, na vijana wa AMPATH hapa Eldoret wamo miongoni mwa walioshiriki. Kurasa hizo zilikatwakatwa vipande vidogo vidogo ili kila kipande kitengenezwe peke yake: cha kuingilia kwa neno la siri, cha menyu ya juu, cha mitindo na rangi, na kadhalika. Mwanzoni kila kipande kilikuwa na ghala lake. Ikawa badiliko dogo tu, ambalo kwa mtumiaji ni jambo moja, linahitaji kupelekwa katika maghala kadhaa, kwa zamu, na moja likichelewa vingine vinasimama. Mwishowe vipande vya msingi vikakusanywa katika ghala moja, liitwalo openmrs-esm-core. Vile vya jalada la mgonjwa vikakusanywa katika ghala jingine, na vya kuandikisha na kupanga wagonjwa katika jingine tena. Tazama basi: hawakumwaga kila kitu mahali pamoja. Walikusanya vile vinavyobadilika pamoja, vingine wakaviacha mbali mbali. Kwetu shuleni maktaba na michezo vinatumia orodha moja ya wanafunzi, hivyo vina haki ya kukaa pamoja. Programu ya kupiga kengele, ambayo haimjui mwanafunzi yeyote kwa jina, ibaki kwake.

Kuna jambo moja lazima nilikaripie. Historia inapohama, inahama na aibu zake. Kama miaka miwili iliyopita mtu aliandika neno la siri la hifadhidata ndani ya faili, akalifuta kesho yake, lingali ndani ya ingizo la zamani. Ghala lilipokuwa la watu watatu, lilionekana na watu watatu. Likiunganishwa na ghala la watu thelathini, limeonekana na thelathini. Badilisha neno hilo la siri kwanza, ndipo uunganishe. Na majina ya wagonjwa halisi, au alama za mitihani za wanafunzi, hayana ruhusa kuwa ndani ya ghala la msimbo tangu mwanzo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kisingizio kwamba "niliifuta" hakitoshi ikiwa bado iko kwenye daftari. Katika hali kama hiyo kuiandika historia upya si hiari tena, ni wajibu, hata kama alama zote zitabadilika.

Mengine ni madogo madogo, nitayataja mbio. Kila kundi huenda lilibandika jina "toleo la 1.0" kwenye ingizo lake, majina hayo yatagongana, basi yaongezewe "maktaba" au "michezo" mbele. Maelezo ya zamani yanaposema "rekebisho la tatizo nambari 12", nambari hiyo katika ghala jipya inaweza kuwa tatizo la watu wengine kabisa. Na kabla ya siku yenyewe, mtangaze: kila aliye na kazi isiyokwisha ailete kufikia Alhamisi jioni. Anayekuja Jumatatu na tawi lake mkononi atakuwa kama abiria aliyefika stendi basi limeshapita Turbo.

Mkimaliza, hesabuni. Kwa njia ya pili maktaba ilikuwa na maingizo 140, mkaongeza moja la kuhamisha faili, yakawa 141. Michezo yalikuwa 85, yakawa 86. Jumla 227, na ingizo la muungano juu yake, 228. Pungufu ya hapo, kuna kilichobaki nyuma. Maghala ya zamani yafungeni yasomeke tu, yasiandikwe, na kwenye faili yake ya mwanzo muweke kibao kinachoelekeza ghala jipya lilipo. Msiyafute. Halafu chagueni mstari mmoja wa zamani, ule wa uwanja wa Ijumaa, muulize amri ya lawama ni wa nani. Likitokea jina la mwenzetu aliyeuandika, na tarehe yake, na ile sababu ya shule ya jirani, mmefanikiwa. Likitokea jina la aliyeunganisha, rudini mwanzo. Yale ya zamani yangalipo, yamefungwa tu.